Hapana Kunisukuma

Kwiii-kwaaa, kwiii-kwaaa. Enzi zetu, chukudu yangu, ile baiskeli ya mbao bila kiti wala pedali, ilikuwa inalia hivyo njia yote ya mtaa wetu, Mususa, na hata leo nikifunga macho naisikia: magurudumu ya mbao yamekauka, hapana hata tone la mafuta. Mama alikuwa ameniwekea mawese ndani ya kikombe nipake. Nikakataa. Nilitaka baseme Kavira ameshinda, Kavira tu, hapana Kavira na mawese ya mama yake.

Nasema "enzi zetu" kama mutu wa zamani, mais bado niko kijana. Muniache tu. Batoto ba leo banakimbiza magari na kidole juu ya telefone, banachoka, banalala. Sisi tulikuwa tunarudi na magoti bila ngozi, tunanuka jasho na maharage, na mama anatupiga kofi kwanza, njo anauliza wapi panauma.

Kila sikukuu ya paroisse, parokia yetu, batoto tulikuwa tunashindana na chukudu: unapanda kilima, unashuka mpaka ku soko. Wa kwanza anaenda Beni kushindana na ba kule. Beni! Mimi nilikuwa sijapita hata Rughenda, kwenye tulikuwa tunaenda kuangalia ndege zikishuka. Hiyo safari niliiota mpaka nikawa naongea usingizini.

Sasa, kwetu chukudu haipandi kilima na mutu mumoja. Ni hivyo tangu baba zetu bakibeba makala ya kupikia na viazi: mwenye chukudu anashika usukani, mwingine anasukuma nyuma. Hata kwa mashindano iliruhusiwa. Musukumaji wangu angekuwa yaya Kambale, kaka yangu mukubwa, mwenye mikono minene na mudomo mubaya. Nikamwambia abaki nyumbani. Koko, mama ya baba yetu, alipotaka kunisalia rozari, nikamuzuia pia.

"Koko, acha. Bikira Maria akinisukuma, batasema ni yeye ameshinda."

Koko akafanya alama ya musalaba. "Huyu mutoto, kichwa yake ni nguvu kuliko gurudumu!"

Bon. Katikati ya kilima, chukudu ikaanza kurudi nyuma, na mimi nimeining'inia kama mbuzi anayekataa kuuzwa. Bote bakanipita. Kambale, ambaye hakubaki nyumbani hata kidogo, akatembea pembeni yangu akitafuna muwa.

"Champion, unaenda Beni ama unarudi kwa mama?"

"Hapana kunigusa!"

"Nani anakugusa? Mimi niko na muwa wangu."

Nilisukuma mpaka macho yakatoa maji. Beni yangu ilikuwa inaondoka, naiona ku visigino vya benzangu. Donc nikameza majivuno pamoja na vumbi.

"Yaya, nakuomba."

Akatupa muwa. Haukuwa umefika hata nusu. Mwenye kumujua Kambale anajua huo ni upendo. Akaweka bega ku mugongo wangu, na tukapanda kama tuko na injini, tukiacha bengine kwa vumbi letu. Huko juu akataka kuruka nyuma yangu, eti anisaidie kukanyaga freni, kile kipande cha mpira wa pneu juu ya gurudumu ya nyuma.

"Utavunjika, mutoto!"

"Yaya, umenisukuma, aksanti. Sasa toka."

Beni nilifika, na batoto ba Beni balinipita kama mimi nauza nyanya pembeni ya njia. Leo Kambale anaendesha taxi-moto kule kule, na ile pikipiki haiombi mutu mukono. Kilima yetu iko palepale, vijana bameketi, écouteurs ku masikio, hapana anayesukuma, hapana anayeomba. Mimi hata leo, nikipanda pale, mugongo unangoja lile bega.

Mais ile siku, juu kabisa, bega la Kambale lilitoka mugongoni. Nilikuwa nimekanyaga freni na nguvu zote. Soko lilikuwa huko chini, dogo kama sahani.

Nikainua mguu.