Filta Nyekundu ya Mkwe

Sijawahi kuona upuuzi uliofungwa vizuri kama ule. Ulikuja ndani ya katoni inayong'aa, umelazwa juu ya sponji kama pete ya harusi, na nje kulikuwa na picha ya pikapu ikiruka tuta la mchanga. Ndani kulikuwa na kitu chekundu chenye umbo la pia, cha pamba iliyopakwa mafuta, pamoja na kichupa cha mafuta mengine ya kukipaka kila baada ya kukiosha. Filta ya hewa. Tena filta ya maisha, ati. Unaiosha, unaianika, unaipaka mafuta, mnazeeka pamoja.

Ililetwa siku ya ntheo, siku ya wale mbuzi watatu ambao Mkamba asipowatoa hajaoa, hata kama kanisani waliimbiwa mpaka sauti zikakauka. Mbuzi walikuwa wazuri, sina neno. Mke wangu alipewa blanketi. Kisha mkwe wangu akasimama mbele ya wazee, akanyoosha ile katoni kwa mikono miwili.

"Baba, hii ni ya gari," akasema. "Itapumua vizuri, ipate nguvu. Hata mimi niko nayo kwa yangu."

Wazee wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga.

Ningefanya nini? Zawadi ya mkwe siku hiyo hairudishwi. Ukiirudisha umemrudisha mwenyewe, na umemwaibisha binti yako mbele ya watu. Isitoshe, kati ya mtu na mkwe wake kuna nthoni, ile haya na heshima ambayo kwetu huwaweka mbali kidogo: hamtaniani, hamkosoani, hamsemezani kama marafiki. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikamwacha aifunge mwenyewe, akiwa na shati lake jeupe la sherehe. Aling'oa lile boksi jeusi la plastiki inamokaa filta ya karatasi, akaliweka chini, akachomeka dude lake jekundu wazi juu ya injini, livute hewa ya moto na kila kinachopita.

Nilipowasha, gari likanguruma. Kijana akacheka kwa furaha. Nikamwambia asante, sasa hili ni gari kweli. Moyoni nilikuwa najiuliza binti yangu alikuwa ametazama wapi.

Ni lazima nieleze barabara zangu. Mimi hubeba maembe kutoka upande wa Kithyoko, na msimu ukiisha nabeba nyasi za ng'ombe na matangi ya maji. Vumbi la huko halina adabu. Ni laini kama unga wa ngano, na linaingia hata kwenye Biblia ya mke wangu, ambayo ina zipu. Kwa vumbi kama hilo injini haihitaji kupumua kwa raha. Inahitaji kufunikwa pua. Filta ya karatasi, ile ya kawaida isiyo na picha ya kitu chochote kinachoruka, inajaa, unaitupa, unaweka nyingine. Haina maringo. Hawa wanaouza nyekundu wanakuambia utapata nguvu. Mimi nilipanda kilima kilekile na gia ileile ya pili, na kilichoongezeka ni makelele.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa chuki tu. Niliendesha lori la watu miaka mingi kabla ya kununua pikapu, na huko nilijifunza jambo moja dogo. Nikapaka grisi kidogo kwa kidole ndani ya bomba, baada ya filta, mahali ambapo hewa inapaswa kuwa imeshasafishwa. Nikaenda Kithyoko nikarudi. Nikaisugua ile grisi kati ya vidole viwili. Ilikuwa ya kahawia, na ilikwaruza kama ugali uliopikwa kwa maji ya mtoni. Injini yangu ilikuwa inalishwa mchanga kwa heshima ya mkwe.

Filta ile ilikaa wiki tatu. Nikalirudisha boksi langu jeusi na karatasi mpya, nikarudia jaribio la grisi, ikatoka safi. Dude jekundu nikalitupa stoo.

Basi tukaanza mchezo. Binti yangu na mumewe walikuwa wakija kutoka Mavoko Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na walipiga simu kwanza. Kila Jumamosi ya kabla yao nilitoa boksi, nikafuta dude kwa kitambaa, nikalifunga mahali pake. Kijana alikuwa na desturi ya kufungua boneti yangu na kuliangalia, kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyemtoa mahari. "Inapumua, baba," angesema. Nami ningejibu, "Inapumua sana." Wakishaondoka mimi na mke wangu tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilikuwa natembea uani kifua mbele nikimuigiza: inapumua, baba, inapumua! Mwezi mmoja nilikuta kuku ametaga mayai kule stoo, ndani ya tundu la lile dude, na nikasema angalau sasa limepata kazi.

Kijana alikuwa ameacha kazi ya kiwanda, akategemea pikapu yake. Alikuwa anapeleka nguzo na waya kwa watu wanaozungushia ua mashamba yao upande wa Konza, na vumbi la Konza si dogo kuliko lile langu. Jumapili moja, wakitoka langoni, niliona moshi wa buluu nyuma ya gari lake. Dereva yeyote wa zamani anajua moshi huo. Injini imeanza kunywa oili, na inakunywa kwa sababu imekwaruzwa ndani. Nikamgusa mke wangu kiwiko.

"Ona," nikasema. "Ile imeanza kuvuta sigara."

Tukacheka, tukawapungia mkono mpaka wakakata kona.

Kisha ikaja Jumanne ambayo hawakupiga simu. Walishuka kutoka kwenye bodaboda wote wawili, kijana akiwa na suruali yenye oili mpaka magotini. Gari lilikuwa limemfia barabarani na nguzo za mteja juu yake. Fundi alikuwa amefungua injini, akamwonyesha silinda zilizokwaruzwa mpaka hazitengenezeki.

"Baba, nilikuwa naomba hii yako siku mbili," akasema. "Nifikishe ule mzigo, nisipoteze mteja. Ni huyo tu amebaki."

Nikampa ufunguo mara moja. Nilifurahi hata kuonekana mkarimu. Na kwa sababu ni kijana mwenye adabu, asiyepanda gari la mtu bila kuangalia oili na maji, akafungua boneti.

Alikaa pale muda mrefu akilitazama boksi jeusi.

"Baba, ile filta iko wapi?"

Mke wangu akaelekea stoo haraka, sijui alitaka kuificha au kuileta, lakini binti yetu alikuwa karibu zaidi. Alitoka nayo mkononi, nyekundu, na nyasi za kuku ndani, na mayai manne ameyashika kwa mkono wa pili.

"Mlitoa lini?" kijana akauliza.

"Wiki ya tatu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Inapitisha vumbi. Nilipima."

Aliangalia mikono yake. Niliona akirudi nyuma kichwani mwezi kwa mwezi, mpaka kwenye wiki ile, wakati injini yake ilikuwa nzima bado.

"Si ungeniambia, baba," akasema kwa upole. "Ningetoa siku hiyohiyo."

"Wewe ni mkwe," nikamjibu. "Kuna nthoni." Nilipolisema, neno hilo zuri la wazee wetu lilikuwa bovu kinywani mwangu, na niliona aibu kama sijawahi kuona tangu nizaliwe.

Binti yangu alimpa mama yake mayai. Lile dude akaliweka mikononi mwangu.

"Ile Jumapili ya moshi niliwaona kwa kioo cha gari," akasema. "Mlikuwa mnacheka. Nikamwambia bwanangu, ona vile wamefurahi tumekuja."

Wakapanda pikapu yangu, kijana akaiwasha, na kwa filta ya karatasi ilitoka langoni kimya kabisa. Binti yangu aliketi upande wa abiria, na kioo cha upande huo kilielekea kwetu. Niliinua mkono kupunga, halafu nikaushusha.