Leo nimehutubia ukuta

Jumamosi jioni.
Marafiki zangu, leo nimeutia moyo ukuta.

Ilikuwa ukumbini pale Mashimoni, hotuba yangu ya kwanza tangu tumzike mume wangu, Wafula. Kwenye mbio tulishika kamba moja, yeye akiona kwa niaba yangu. Kwenye hotuba alikaa mbele akichezesha funguo za nyumba, nami nikielekea sauti hiyo.

Asubuhi niliamua: leo ikiharibika, naacha kuzungumza.

Nikaanza na mpira wetu sisi wasioona, ule wenye kengele ndani. Nikawaeleza kwamba watazamaji hunyamaza kabisa ili tuisikie kengele. Kisha nikawaonyesha tunavyojizungusha kuurusha.

Basi wakanyamaza. Kabisa!

Nikadhani nimewagusa. Nikaongeza sauti, nikarusha mikono.

Mwishowe mama mmoja akashindwa kuvumilia: "Auntie, geuka! Sisi tuko huku. Huo ukuta umeshatiwa moyo, sasa tuhurumie sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia, hadi nikashika meza. Ndipo nikawaambia kuhusu funguo za Wafula.

Halafu yule mama akatoa funguo zake, akazichezesha. Jirani yake naye. Mara ukumbi mzima unalia kwa funguo, nikakosa tena pa kuelekea!

Lakini nimezungumza hadi mwisho.

Nyinyi mngeniambia, au mngeniacha na ukuta wangu?

Jumamosi ijayo niko Kawangware. Nikumbukeni kwa maombi. Na mkija, njooni na funguo.