Kibaraza cha Kumenyea Ndizi

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Nyumbani kwangu Bilele, hapa Bukoba mjini, nachora peke yangu. Mteja anakuja, anaikunja ramani yake, anaondoka. Nilizoea hivyo, na nilipenda hivyo.

Akina mama wa usharika mmoja wa Kimwani, kule Muleba, hawakutaka ramani ya kukunja. Walitaka jiko la shughuli, la kupikia harusi na misiba, na tulipange pamoja palepale kiwanjani. Tukachora chini kwa majivu. Huyu akisogeza mlango, yule anaurudisha. Meza yangu ndefu ya kumenyea ndizi waliifuta kwa miguu huku wakicheka.

"Injinia, ndizi zinamenywa chini, kwenye majani, watu wakitazamana!"

Nikacheka nao, ila moyoni nilikereka. Kama kila mtu anachora, mimi nimefuata nini huku?

Mama mmoja tu hakushika majivu. Alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Goti lake lilikuwa limekaza tangu aanguke shambani, na kukaa chini hawezi tena. Wenzake walipokwenda kunywa uji nikamfuata, nikamuuliza anaonaje.

"Wamepanga vizuri."

"Na wewe utamenyea wapi?"

"Mimi siku hizi ni mgeni, waitu," alisema, akiniita kwa heshima ya Kihaya. "Msibani naletewa chai wa kwanza, kama askofu." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hata msiba wa dada yangu, tumbo moja, sikumenya ndizi."

Nilirudi kwenye majivu nimepandwa na hasira, na safari hii nilijua za nini. Nikawaambia ndizi zitamenywa chini kama walivyotaka, lakini ukutani nitaweka kibaraza cha saruji, kimo cha kiti, na duara la wamenyaji lipite hapohapo. Wakabisha. Kitakula nafasi, walisema, na nani atakikalia?

"Wengi wape, Injinia," alisema mwenyekiti wao.

"Nimewapa. Sasa naomba kwa ajili ya wachache."

Mmoja akatupia jicho kile kiti cha plastiki, na wengine wakafuata. Tangu siku ile najua kwamba kuchora kunaweza kuwa kwa wote, lakini kumtafuta ambaye hajasema ni kazi yangu, na inachosha kuliko rula.

Jiko lilifunguliwa kwa harusi. Katika shukrani sikutajwa, na iliniuma kidogo, sitaficha. Nikazunguka nyuma, nikaingia jikoni. Yule mama alikuwa kwenye kibaraza, kisu mkononi, ndizi zimejaa mapajani, anamgombeza mkwe wake kwa kumenya ovyo. Nikampa mkono. Akasita, akaigeuza mikono yake miwili, imekuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye kucha, akanionyesha.

"Tazama, waitu," akasema. "Nimechafuka."