Kinyaa cha Dolatbai

Nisingejua kuuza hata chumvi kama si Dolatbai, mke wa Popatlal mwenye duka pale Kanyenye, Tabora mjini. Namshukuru. Namshukuru huku nimekunja uso, na mtu akinitajia jina lake bado natafuta pa kutemea mate.

Nilifanya kazi kwake miaka ile uhuru ulipokuwa bado mchanga, kabla sijaolewa. Nilikuwa nimetoka Igalula na ubatizo wangu na kanga mbili, shule sikuiona. Aliniita yaya, ingawa mwanawe wa mwisho alikuwa tayari ananyoa ndevu. Jina langu ni Veneranda. Hakuliuliza hata siku moja, na mimi sikumwambia.

Kikombe changu kilikuwa kopo la maziwa, limetundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko. Nikitaka maji nilikinga kopo kwa mikono miwili, naye akamimina kutoka juu, mbali, ili mdomo wa jagi lake usikaribiane na kopo langu. Mkondo wa maji ulishuka mwembamba kama uzi na haukumwaga tone. Nilikunywa nimesimama, nikalitundika kopo mahali pake. Jioni mbwa wa jirani alikuja kulilamba, na hakuna aliyemfukuza.

Wala mtu asinieleze habari za kabila. Rehmat, Muhindi mwenzake wa duka la pili, alininywesha chai kwa vikombe alivyonywea mwenyewe, na nilipotaka kukaa chini sakafuni alinikaripia, akanivutia kiti. Kile kilikuwa kinyaa cha Dolatbai peke yake, na kingetosha mtaa mzima.

Maana hakunionea mimi tu. Samli ikiletwa aliinusa, akaigeuza, akainusa tena, akamrudishia mwenyewe huku amebana pua. Unga aliuchekecha mbele ya aliyeuleta, apende asipende. Lakini penye asali ndipo kinyaa kilipompanda kichwani. Asali ililetwa na warina kutoka msituni, imo ndani ya vilindo vya magome ya mti, na aliipokea yeye mwenyewe. Kata ya kuchotea ilikaa juani mpaka ikauke kabisa. Chupa zilianikwa zimepinduliwa. Kilichokwisha kuchotwa hakikurudishwa pipani, hata kama mnunuzi amebadili nia. Siku moja Popatlal, mwenye duka, alitoka kunawa akaja kushika kata. Mkewe alimpigia kelele mbele ya wateja.

"Popatlal! Mkono maji! Toka!"

"Matone mawili tu, Dolat."

"Maji na asali hapana rafiki. Toka!"

Mzee wa watu akatoka, anajifuta kwenye shati, wateja wanacheka.

Na mteja wa kwanza wa asubuhi hakuachiwa aondoke mikono mitupu. Hata awe amekuja kuuliza njia tu, angeondoka na kiberiti. Pesa yake Dolatbai aliigusisha kwenye paji la uso kwanza, ndipo akaitia kwenye sanduku. Mimi nilikuwa nafagia. Hakuna anayehangaika kumfundisha mtu anayefagia. Lakini anayefagia ana macho.

Nilipoolewa na Hilari nikarudi Igalula. Reli yetu imefuata njia ileile ya wapagazi wa zamani, na watu wa njia hii tangu enzi za babu zetu tumeishi kwa kumwuzia msafiri cha kula. Kila mama stesheni alikuwa na sinia lake: karanga, viazi, kuku wa kuchemsha. Nilimwendea Mahona, mrina asali mwenye mizinga mingi msituni na mdomo mchafu kuliko watu wote niliowajua, nikamwomba aniuzie.

"Wewe mtoto wa misheni," akaniambia, "asali utaiweza? Si itakuganda kwenye rozari?"

Niliiweza. Nilianika chupa, nikakausha kata, nikaziba kwa magunzi mapya yaliyokauka, nikamfukuza kila mwenye mkono wa maji. Asali yangu ilikaa mwaka mzima bila kuchacha. Ikafika wakati treni ikipunguza mwendo tu vichwa vinatoka madirishani: "Mama Raymundi yuko wapi? Nataka ya Mama Raymundi!" Raymundi ni mwanangu. Wengine waliniachia majina ya nduguzao huko Dodoma na Morogoro waliokuwa wakiagiza, nami nikayashika kichwani. Nilikuwa sina kitu kingine duniani ambacho watu wangekiita kwa jina langu. Nyumba ilikuwa ya Hilari, shamba la Hilari, hata mtoto aliitwa wa Hilari. Asali ilikuwa yangu.

Kisha likaja agizo la kuhamia vijiji. Tulijengewa kijiji upande wa pili wa reli, na Hilari, aliyekuwa na darasa la nne na kalamu mfukoni, akachaguliwa katibu. Suruali ya kuendea mikutanoni nilimnunulia mimi.

Siku walipokuja wakubwa kutoka wilayani, Hilari alisimama mbele ya mkutano akasafisha koo.

"Ndugu wananchi, unyonyaji tusiutafute mbali. Ulanguzi unaanzia nyumbani kwangu. Mimi ninayesimama hapa nimelala kitanda kimoja na kupe!"

Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wenzangu, nimempakata mtoto wa jirani.

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kupe huyo ndiye aliyekununulia suruali, katibu! Ivue basi!"

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini wakubwa walikuwa wameshaandika. Hilari alisifiwa. Jioni ileile alikuja na vijana wawili, wakachukua pipa langu, chupa zangu, kata yangu, vikaenda duka la kijiji. Kuanzia hapo asali ya stesheni ingeuzwa na kijiji tu. Akanitazama usoni, akasema: "Usinune. Ni siasa tu, mke wangu." Nikamtazama yule mtu niliyempikia miaka yote ile. Kinyaa kikanipanda, kile kinyaa cha kweli, cha kuona funza ndani ya nyama uliyokwisha kuitafuna.

Dukani wakamweka Minza auze. Sababu ya kuchaguliwa Minza kila mtu aliijua, hata paka wa kijiji waliomwona Hilari akitoka kwake alfajiri. Hakuwa binti mbaya. Kila akiniona alipiga goti, "Shikamoo, mama," nami nikamwitikia marahaba, maana salamu haikunikosea chochote. Lakini alichota asali kwa kikombe kilekile alichonywea maji. Alikichovya, akakirudisha, akakisuuza, akakichovya tena. Mara mbili nilipita pale nikaona. Nikaenda zangu. Nani angesikiliza neno la kupe?

Asali ikafanya inachofanya asali iliyoingia maji. Ikatoa povu, ikachacha, ikanuka wanzuki, ile pombe ya asali. Nao walikuwa wakiiuza kwenye chupa zangu, wakiita, "Asali ya Mama Raymundi!" Bwana mmoja wa daraja la pili, amevaa shati jeupe, gunzi lilimrukia lenyewe na povu likamwagikia kifuani. Alitupa chupa relini akatukana Igalula nzima. Baada ya hapo treni ikifika nilisikia hadi kijijini maneno yanatoka madirishani kama mawe.

"Mama, unauza asali au wanzuki?"

"Mama Wanzuki! Nitilie glasi moja, na wimbo!"

Hilari alirudi nyumbani siku moja amekasirika. Kumbe amenikasirikia mimi!

"Jina lako limetuharibia duka," akasema.

"Jina langu?"

"Si ndilo wanalotukana? Hakuna anayemtaja Hilari."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alikuwa amechukua kila kitu, kisha aibu ndiyo akanirudishia, maana hiyo haikumfaa.

Aliyeleta nusura ni Mahona, na hakuileta kwa huruma. Alifika ofisini kwa Hilari na vilindo viwili vya mwisho wa msimu, mimi nimeitwa nisikilize kwa kuwa nilikuwa mke wa katibu.

"Asali yangu haingii tena kwenye lile bwawa la Minza," akasema. "Nyuki wangu wamefanya kazi. Wewe umefanya nini? Mpe mkeo auze hii stesheni. Ikinunuliwa, nitaendelea kukiletea kijiji. Isiponunuliwa naipeleka yote kwa wapika wanzuki, maana wao hawadanganyi wanachouza."

Kijiji kilikuwa na lengo la mapato, na Hilari alilihitaji lengo kuliko alivyonihitaji mimi. Akakubali, kwa sharti kwamba nisimame chini ya usimamizi wake. Usimamizi! Niliichukua kata yangu kwa Minza, nikaisugua kwa majivu, nikaianika. Chupa nilizianika. Niliomba Mungu dua moja: jina langu lirudi safi au lifutike kabisa, lisibaki linanuka.

Siku hiyo treni ya kutoka Tabora ilifika imejaa. Nilitembea chini ya madirisha na chupa zangu kwenye beseni, kilindo kimoja kando na kata juu yake ya kuonjeshea.

"Huyo! Mama Wanzuki!"

"Leo haijapasuka, mama?"

"Kaeni mbali, ina povu kama sabuni!"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Hilari alikuwa nyuma yangu na kalamu yake. Na kwenye dirisha moja la daraja la pili, katikati ya masanduku na mabunda na wajukuu, alikaa Dolatbai. Alikuwa amenenepa na nywele zimekuwa nyeupe. Duka lilikuwa limefungwa, nilikuwa nimesikia. Walikuwa wakihama moja kwa moja. Alitazama chupa zangu, akaleta sari yake puani, akageukia upande mwingine. Nikahisi kopo lile la maziwa mikononi mwangu.

Hapo Hilari akaona nachelewa. Alikuwa ametoka kunywa maji bombani, vidole vinachuruzika, akanyoosha mkono kuishika kata aonjeshe watu yeye mwenyewe. Sikufikiri. Sauti iliyonitoka haikuwa yangu.

"Hilari! Mkono maji! Toka!"

Katibu akaruka nyuma. Behewa zima likacheka. Na kichwa cha Dolatbai kikageuka.

"Wewe mama," akasema. "Lete hiyo. Moja. Iko juu."

Nikampa. Aliinusa kwenye gunzi. Akaipindua chini juu, akatazama kiputo cha hewa kinavyopanda taratibu, kwa uvivu, kama kinavyopanda kwenye asali isiyo na maji. Akapitisha kidole mdomoni mwa chupa kutafuta unyevu. Abiria wakanyoosha shingo, maana hakuna asiyejua jinsi mama wa Kihindi anavyochagua kitu. Kisha akatoa glasi yake ya chuma dirishani.

"Onjesha."

Nikachota. Nikainua kata juu, mbali na glasi yake, nikamimina. Asali ikashuka nyembamba kama uzi, haikumwaga tone, na kata yangu haikugusana na kitu chake chochote. Alinitazama mkono, akanitazama uso. Akaonja, akafumba macho kidogo.

"Hii safi," akasema kwa sauti. "Hii asali kweli. Mbili nataka."

Akanipa pesa. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa mazoea. Alikuwa mnunuzi wangu wa kwanza siku ile, nikaigusisha pesa kwenye paji la uso.

"Are!" akasema. "Hii nani fundisha wewe?"

"Mama Raymundi kumbe Muhindi!" akapiga kelele kijana mmoja wa daraja la tatu, na kicheko kikapita behewa hadi behewa, lakini mikono nayo ikaanza kutoka madirishani, na pesa mikononi.

Miaka yote nilikuwa na maneno niliyomwekea. Niliyapanga wakati wa kupalilia, wakati wa kutwanga. Maneno ya lile kopo na yule mbwa. Sasa alikuwa pale, uso kwa uso, nami nikasema tu:

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Dolatbai akanikazia macho, akatikisa kichwa.

"Mimi? Mimi hapana jua wewe, mama."

Alisema kweli. Treni ikapiga honi, ikaondoka naye, na ameniita mama mara mbili, yeye ambaye kwa miaka yote hakuniona ila mkono wenye ufagio. Asante nilimpa moyoni. Ilikuwa asante nzito, yenye ladha ya bati.

Beseni lilirudi tupu. Mahona alikuja na vilindo vingine, akaniletea mimi mkononi, wala hakupitia ofisini, na kijiji kikaamua asali iwe chini yangu na ufunguo wa stoo nikae nao mimi. Kwenye mkutano Hilari alisimama, akasafisha koo, akaeleza jinsi "sisi" tulivyorudisha heshima ya asali yetu. Wakapiga makofi. Nilitazama chini nikavumilia.

Bado tunakaa nyumba moja, kwa kuwa padri anasema nivumilie na kwa kuwa sina kwingine. Nampikia, namfulia. Lakini akirudi jioni na kiu, kikombe chake kiko nje ya mlango wa jiko, kwenye msumari. Anakikinga kwa mikono miwili. Namimina kutoka juu, mbali, na sijawahi kumwaga tone.