Baba Alikuja Kusoma Kaburi Lake

Siku niliyokutana na baba yangu kwa mara ya kwanza, alikuwa amesimama mbele ya kaburi lake mwenyewe.

Sikuota. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakolea, na mimi nilikuwa kazini.

Nafanya kazi halmashauri, kitengo cha kumbukumbu. Sehemu kubwa ya historia ya mji wetu iko pembeni ya barabara. Kuna kibao cha kisima cha kwanza, na jiwe la waliofariki wakijenga daraja. Na kwenye kona kali, katika makaburi ya zamani, wamelala abiria wa basi lililotumbukia bondeni nikiwa bado nanyonya.

Baba alikuwa mmoja wao. Nimekua nikijua hivyo.

Sasa barabara inapanuliwa na makaburi yanahamishwa. Kazi yangu ni kusoma kila jiwe, ili mchonga mawe achonge mapya bila kukosea.

Herufi zilizolika hazisomeki kwa macho tu. Unashika kioo, unalipiga jiwe mwanga wa ubavuni, na herufi zinaota vivuli.

"Kimya," mchonga mawe aliniita. Ndilo jina alilonipa, kwa vile siongei. "Kila siku makaburini. Una mchumba huku nini?"

"Wa huku hawanisumbui na simu."

Akacheka, akaenda kuchota maji.

Ndipo yule mzee akaja. Suruali imenyooka pasi, kofia mkononi.

Nilikuwa nimefika kwenye jiwe la baba, kioo bado sijakiinua. Yeye akalitaja jina lote, la kwanza, la kati na la mwisho, bila kuinama.

"Ulimfahamu marehemu?" nikamuuliza.

"Marehemu ni mimi, binti yangu."

Binti yangu. Alilisema kama mzee yeyote anavyomwita msichana yeyote.

Nikamtazama. Picha yake iko ukutani kwetu, juu ya cherehani ya mama. Paji lile. Sikio lile lililokunjika juu, kama langu.

Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi.

Alieleza bila kuulizwa. Nadhani aliniona kama ofisi, si kama mtu.

Alishuka kituo cha njiani, "kwa mtu", akasahau koti kitini, kitambulisho kikiwa mfukoni. Basi likiondoka, akamwona dirishani kijana aliyekuwa amesimama akikaa pale, akijifunika lile koti kwa baridi. Kesho yake mzee akasikia redioni kwamba amekufa.

"Nikasema basi, na iwe hivyo. Nyumba ya kwanza ilikuwa imenishinda."

"Ulikuwa na mtoto?"

"Kachanga tu. Sijui hata kama kaliishi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

Badala yake nikamuuliza swali la kiofisi: yule kijana aliitwa nani?

Hakujua. "Nimesikia mnawahamisha. Mimi ni mzee sasa, usingizi hauji vizuri. Nikaona niseme." Akavaa kofia. "Andika unavyoona."

Akaondoka. Nikaukodolea macho mgongo wake mpaka kona ikaumeza.

Nikabaki na jiwe. Nikiliacha jina la baba, yule kijana wa watu anapotea tena, safari hii kwa mkono wangu. Nikilifuta, mama yangu, mjane anayeheshimiwa mtaa mzima, anageuka mwanamke aliyekimbiwa.

Jioni nilimkuta akipinda sare za shule, pini mdomoni.

"Mama, leo nimemwona baba."

Cherehani haikusimama.

"Amezeeka?"

Nilidhani hajanisikia vizuri. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijasikia, maisha yangu yote.

Akatema pini kiganjani.

"Kule chumba cha maiti walinikataza nisimfunue uso. Nikafunua miguu. Baba yako ana miguu mipana kama makasia. Ile ilikuwa ya kijana, myembamba, kucha zimekatwa vizuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema siye, wangeniuliza yuko wapi. Na nilijua yuko wapi, na kwa mwanamke gani. Nyumbani watu wamejaa, wewe uko mgongoni unalia. Nikaona heri niitwe mjane."

Kila mwaka tulikwenda kwenye lile kaburi, na kila mwaka mama aling'oa majani tu, macho makavu. Nilizoea kuwaambia watu kwamba mama yangu ni jasiri.

Jioni ile alilia mpaka kitambaa chini ya sindano kikalowa.

"Huwa naenda kumwomba radhi yule mtoto. Yeye na mama yake. Kucha zile, mwanangu, kuna mtu alikuwa anamtunza. Huenda mpaka leo halali mpaka asikie mlango."

Akajifuta na upindo wa sare ya mtoto wa mtu.

"Lifute hilo jina."

"Mama, mtaa mzima utajua."

"Wacha ujue. Nimepokea pole zisizo zangu muda mrefu mno."

Siku ya kuhamisha, bwana afya aliita wafiwa wa kila kaburi, mmoja mmoja. Alipofika kwenye lile lisilo na jina, akainua macho.

"Huyu ana mtu?"

Mama akasogea mbele, mbele ya majirani wote.

"Ana mimi."

Nyuma yetu mtu akanong'ona, "Kumbe mume yu hai."

Mama alisikia. Hakugeuka.

Kwenye jiwe jipya nilitaka kuandika: Kijana. Jina halijulikani. Mama akaniambia niongeze neno moja. Bado.

Hajatokea mtu. Wateja wa mama wamepungua, na salamu pia. Baba hakurudi tena, wala sikuwahi kumwambia kwamba kale kachanga kaliishi.

Nilichojifunza ni hiki: aibu yako ibebe mwenyewe. Usimfunike nayo mtoto wa mwenzako.

Na kama kwenu kuna kijana aliyepanda basi asirudi, njoo ofisini kwetu uulize. Nitakupeleka mwenyewe. Mama atakupisha pale mbele ya jiwe. Nafasi ya mfiwa si yake, anakushikia tu.