Musambya Uliotoa Maua Mekundu

Ukimuuliza Marjan habari ya mti, tafuta kwanza pa kukaa. Bustani yake ya miche iko Kansanga, kando ya barabara ya Ggaba, kipande chembamba cha ardhi kati ya mtaro na ukuta wa baa. Hapo ndipo alipokuwa akihutubia wateja kutwa nzima, kofia imekaa upande, mkono mmoja kiunoni. Ni Mnubi, mjukuu wa askari, na Kiswahili chake ni cha kuamrisha hata akikuomba chumvi. "Mimi mti najua ikiwa bado mbegu," alikuwa akisema. Sisi majirani tulimwamini, maana kusema kweli miche yake ilishika.

Nampenda Marjan, lakini mdomo wake ulikuwa ukinikera. Hakuweza kumsahihisha mtu bila kwanza kukusanya watazamaji.

Ng'ambo ya barabara, mkabala naye, yuko Nabangala, Mkenya kutoka Bungoma, anayepika posho (ugali wa huku), maharagwe na chapati katika kibanda cha mabati cha kupanga. Marjan alikula kwake kila mchana kwa miaka. Nabangala ana kiwanja kidogo mteremkoni, upande wa Kiwafu, alichokinunua kwa jasho la chapati hizo, na nia yake ilikuwa moja tu: kujenga pale hoteli yake mwenyewe, asifukuzwe tena na mwenye kibanda. Nguzo alitaka azipande mwenyewe. Mti alioutaka ni musambya, ambao kwao wanauita lusiola, wenye maua ya njano na nguzo nyoofu ambazo mchwa hawazigusi ovyo.

"Baba Rahmah," alimwambia Marjan, "nitafutie lusiola ya ukweli. Hiyo ndiyo hoteli yangu."

Marjan akaapa kwamba atampa miche bora kuliko yote.

Sasa, desturi yake ilikuwa kuchuma mbegu mtini mwenyewe, maana ukiona tumba lake la mbegu huukosei mti. Tumba la musambya ni refu na jembamba, linaning'inia kama kamba. La kifabakazi, ule mti wa maua mekundu unaoonekana kutoka kilima hadi kilima, ni nene, limesimama wima, na likikauka linapasuka katikati. Lakini mbegu zikishaanguka, zote ni nyepesi, zote zina bawa jembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Mwaka ule goti lilikuwa likimsumbua Marjan na ngazi ilimtisha. Kwa hiyo alipokea gunia kutoka kwa Odur, mfagiaji wa barabara kule Nakasero, ambako miti hiyo miwili inakua bega kwa bega. Odur alifagia alichokikuta chini. Marjan angeweza kumwaga mbegu juu ya kitambaa na kuzikagua, kwa kuwa bawa la kifabakazi ni la mviringo zaidi, na yeye hilo analijua vizuri. Hakuzikagua.

Akazisia kwenye udongo laini, akazifunika kidogo tu, akaziwekea kivuli cha majani ya migomba na kuzimwagia maji asubuhi na jioni. Zikaota. Baadhi ya miche ikaanza kuiacha mingine nyuma, minene, ya kijani iliyokoza. Marjan akaichagua hiyo, mmoja mmoja, akamwekea Nabangala. Hapo ndipo ninapomwonea huruma, kwa sababu alifanya hivyo kwa mapenzi. Kifabakazi hukua upesi kuliko musambya. Hakina makuu, hata kijiti chake ukikichomeka penye unyevu kinashika. Na kwa sababu hukua upesi, mbao zake ni laini, nzuri kwa kuchonga ngoma, lakini huwezi kuziegemezea paa. Katika kumchagulia rafiki yake iliyo bora, alimchagulia yote isiyofaa.

Nabangala aliipanda mpakani mwa kiwanja, akaipalilia, akaizungushia miiba mbuzi wasiifikie. Ilipomfika mabegani alikuja bustanini na tawi mkononi. Ilikuwa Jumamosi, wateja wamejaa, na mimi nilikuwepo.

"Baba Rahmah, samahani. Lusiola ya kwetu iko na masikio hapa," akasema, akionyesha mahali jani linapoungana na tawi. "Vijani viwili vidogo vya mviringo. Hii yangu sioni."

Marjan hakulishika hata lile tawi. Akageukia watu.

"Mnasikia? Mama anatafutia mti masikio! Kesho atauliza meno iko wapi!" Watu wakaangua kicheko. "Nnyabo, wewe jua chapati. Miti wachia mimi."

Nabangala naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiye na pa kuuficha uso. Akavuka barabara na tawi lake. Nami nilicheka na wenzangu, sitajitoa.

Miti ikakua, ikapita urefu wa mabati ya jirani. Marjan alikuwa akinionyesha kwa kidole kutoka kwenye kiti chake, kwa sababu kiwanja kile kinaonekana wazi kutoka bustanini. "Tazama kazi ya mkono wangu," akisema. Kisha mvua moja ilipokatika, asubuhi alifika kazini, akakaa, akainua macho mteremkoni, na pale juu palikuwa pekundu.

Kilele kizima. Hata asiyejua mti angejua kwamba ule si musambya.

Siku ile hakuhutubia mtu. Mchana ulipofika hakuvuka barabara. Kesho yake alikuja na bakuli kutoka nyumbani, limefunikwa kawa ambalo mkewe Lailah alilisuka, akala akiwa ameupa mgongo mteremko. Nilipomuuliza, akasema tumbo halitaki maharagwe. Kiti chake akakigeuza kielekee ukutani. Alikuwa anaona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya miti. Mti mtu hukosea. Aibu ilikuwa ya lile tawi ambalo hakulishika. Aliniambia baadaye kwamba kila alipofumba macho alimwona mama wa watu akivuka barabara nalo, na akasikia kicheko, na sauti yenye kuchekesha ilikuwa yake.

Alisubiri Nabangala aje amtukane. Alitamani aje. Hakuja.

Badala yake walianza kuja wateja.

"Ssebo, nataka ile miti ya maua mekundu, kama ya kwa Mama Nabangala," akasema mwanamke mmoja. "Amesema wewe ndiye ulimchagulia. Ati kiwanja kipendeze kabla ya kujenga."

Marjan akageuka kutoka ukutani. "Yeye mwenyewe amesema?"

"Eeh. Amekusifu sana."

Wakaja wengine, na wote na maneno yale yale. Marjan aliwauzia akiwa ameinamisha kichwa, akiwaambia kwa sauti ya chini wapande mbali na nyumba, kwa kuwa matawi ya kifabakazi huvunjika upepo ukija, na mizizi yake hutoa machipukizi mahali usipoyataka. Kila mche aliouuza ulimchoma. Yule aliyemfanya kichekesho mbele za watu ndiye aliyekuwa akimsitiri mbele za watu hao hao.

Mwisho hakuweza kuvumilia. Alivuka barabara alasiri, wateja wa chakula wakiwa wametawanyika. Mimi nilikuwa nimebaki pembeni na chai yangu. Nabangala alikuwa anaosha sufuria.

"Mama," Marjan akasema, amesimama mlangoni. "Ile miti si musambya."

"Najua, Baba Rahmah. Nilijua tangu ile siku."

"Ulijua, na ukaendelea kupalilia?"

"Ningeng'oa, watu wangeuliza kwa nini. Na mimi pia nilisema, labda huyu mzee anajua kuliko mimi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Halafu sasa watoto wa huko wanapenda. Wanachuma yale maua hayajafunguka, wanafinya, wanarushiana maji."

"Hoteli yako je?"

"Hoteli itangoja."

"Kwa nini hukuja kunipigia kelele? Bustani inajaa kila Jumamosi. Ungekuja tu."

Nabangala akamtazama, bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mbele ya watu?" akasema. "Hapana. Mimi najua vile inauma."

Marjan aliweka mkono kwenye mwimo wa mlango, kisha akarudi ng'ambo bila kuaga. Sijawahi kumwona mtu mnene akiwa mdogo namna ile.

Wiki zilizofuata alipanda ngazi, goti na yote, akachuma matumba marefu mtini kwa mkono wake. Akasia, akasubiri, hakuharakisha. Miche ilipokuwa tayari hakumpelekea Nabangala nyumbani wala kibandani. Alimwomba aje bustanini, Jumamosi, saa ya wateja.

Nabangala alikuja akiwa bado amevaa aproni. Watu walikuwa tele, baadhi yao wale wale.

"Mama huyu," Marjan akasema, "alitaka musambya. Mimi nilimpa kifabakazi. Akaniletea tawi hapa, nikamcheka. Yeye ndiye alikuwa sawa." Akashuka kwa lile goti bovu, akaisogeza miche mbele ya miguu ya Nabangala. "Nnyabo, nitazamie masikio."

Hakuna aliyecheka. Nabangala akachuchumaa, akaanza kushika maungio ya majani, mche baada ya mche, polepole, wala hakumwonea huruma kwa kuharakisha. Marjan alibaki pale chini akimtazama vidole. Karibu na mwisho Nabangala akasimamisha mkono, akatazama, akatazama tena.

"Huu hauna," akasema.

Marjan akaushika, akaukagua mbele yetu sote: kifabakazi, pengine mbegu yake ilipeperuka kutoka mteremkoni.

"Kweli, mama," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa vijana wa boda boda, "huu hauna." Akauweka kando, akamsogezea mwingine.