Maji Mekundu ya Mama Rangi

Tangu afiwe na mumewe, Mama Rangi aliishi kwa kutia vitambaa rangi, na viganja vyake havikutakata tena. Majirani walimtania kwamba hata akiiba, mikono itamshtaki. Utani ulikoma pale maji mekundu ya karakana yake yalipoingia bustanini kwa mzee muuza mboga. Mboga zikanyauka, mzee akashtaki, na bwana afya akatoa neno la mwisho: maji yatoke maangavu, la sivyo mlango utapigwa kufuli.

Binti wa Mama Rangi, mwanafunzi wa kemia, alijaza pipa mkaa wa kuchujia. Walimimina maji mekundu juu, yakatoka chini kama ya mvua.

"Mkaa umekula rangi!" Mama Rangi alishangilia.

"Haujala, mama. Rangi imenasa tu usoni mwa mkaa. Ikinasa, hutoa joto kidogo. Ukiirudishia joto, inabanduka. Kwa hiyo maji yakitoka jikoni yapoe kwanza."

Siku ya ukaguzi, binti akiwa chuoni, bwana afya alifika wakati sufuria kubwa ya rangi bado inafuka mvuke.

"Naomba tusubiri kidogo, baba. Hayajapoa."

"Kwani mimi nimekuja kushinda hapa? Mimina nione."

Mama Rangi aliishika sufuria. Alijua, lakini ulimi ulikuwa mzito mbele ya mtu mwenye kufuli mkononi. Akamimina.

Yalitoka mekundu kuliko yalivyoingia. Maji ya moto yalikuwa yameibandua hata rangi ya siku zilizopita.

"Unanifanyia mzaha, mama?"

"Nakuapia, yakipoa..."

Kufuli likalia *ka!* Vitambaa vya wateja vikabaki ndani, vimelowa.

Binti aliporudi alimkuta mama yake amekaa chini, mgongo ukutani. Akatazama pipa, akaelewa.

"Ulimwaga ya moto?"

"Niliogopa kumwambia hapana, mwanangu. Sasa tutakula nini?"

Mama Rangi akainuka, akachota ndoo ya maji safi, akaenda bustanini kwa mzee.

"Umekuja kunilaani?" mzee akauliza.

"Nimekuja kuosha."

Akamwaga ndoo nzima kwenye tuta. Maji yakazama, udongo ukabaki na wekundu wake.

"Acha, mama," mzee alisema, safari hii kwa upole. "Imeshanasa."

Hakuacha. Akaenda kuchota nyingine.